Mashine ya Kushtua Moyo Isifungiwe Ofisini

Julai 24, 2023, Bronny James, kijana wa miaka 18, alianguka akiwa mazoezini na timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Southern California, Los Angeles. Moyo wake ulikuwa umesimama. Alihudumiwa papo hapo, akapelekwa hospitali, na Desemba mwaka huohuo alirudi kucheza. Sasa kila mkuu wa chuo ajiulize: angeangukia bwenini, usiku wa Jumamosi, nani angemfikia, na akiwa na nini mkononi?

Moyo unaposimama ghafla, mara nyingi huwa unatetemeka ovyo bila kusukuma damu. Kukandamiza kifua hufikisha damu kidogo kwenye ubongo, na ni lazima kuanza mara moja. Lakini kinachokomesha mtetemo huo ni mshtuko wa umeme. Kila dakika inayopita bila msaada, uwezekano wa kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10. Ndiyo maana mashine ya kushtua moyo, yaani AED, imetengenezwa kwa ajili ya mtu yeyote. Ukiiwasha inakuelekeza kwa sauti pa kubandika pedi, inapima mapigo yenyewe, na haitoi mshtuko isipoona haja.

Katika viwanja vya ndege vya Chicago, mashine ziliwekwa kwa umbali wa dakika moja hadi moja na nusu za kutembea haraka. Kwa miaka miwili, watu 18 walipatwa na mtetemo huo, na 11 wakaokolewa. Waliowaokoa 6 kati yao hawakuwa wamewahi kufundishwa kuitumia. Lakini wapo 4 ambao mashine haikuwa karibu nao wala haikutumika ndani ya dakika 5. Hakupona hata mmoja.

Hapo ndipo vyuo vingi vinapokosea. Mashine hununuliwa, hupigwa picha, kisha hufungiwa kwenye ofisi ya utawala inayofungwa saa kumi jioni. Utafiti uliofanyika Copenhagen na kuchapishwa 2013 ulionyesha kwamba jioni, usiku na wikendi, uwezo wa mashine za mjini kuwafikia wagonjwa ulishuka kwa zaidi ya nusu, kwa sababu tu milango ilikuwa imefungwa. Na wanafunzi hawaishi kwa saa za ofisi. Mahali pake ni ukutani, nje, karibu na uwanja, bweni na maktaba, na mlinzi wa zamu ya usiku awe wa kwanza kufundishwa.

Halafu ipo kazi ya kila mwezi, isiyo na sherehe. Fungua kabati la mashine. Taa ya hali ya mashine iwe ya kijani. Soma tarehe kwenye pakiti ya pedi: jeli yake hukauka, na kwa kawaida hudumu miaka miwili hivi, ikikauka haishiki kwenye ngozi. Betri nayo ina ukomo wake. Hakikisha mkasi wa kukatia nguo upo, na wembe wa kunyolea kifua chenye nywele nyingi. Andika kwenye daftari, weka sahihi. Kazi hii apewe mtu mmoja anayejulikana kwa jina, na msaidizi wake, maana jukumu la kamati nzima halina mwenyewe. Bajeti ya pedi na betri ipitishwe siku ileile ya kununua mashine.

Wewe unayesoma au kufundisha chuoni, uliza leo mashine iko wapi na ufunguo anao nani. Ukijibiwa kwamba ufunguo uko kwa bosi, dai kabati hilo liachwe wazi.