Mwambao wa Kigoma unamsahau mteja mwenye watoto

Mzazi anayeulizia safari ya Hifadhi ya Gombe pamoja na watoto wake huambiwa mapema kwamba wale wadogo hawatapanda mlimani kuwafuata sokwe. Katazo hilo lina msingi. Sokwe hupata mafua na magonjwa mengine ya njia ya hewa kutoka kwetu, na kikohozi ambacho kwa mtoto wa binadamu hupoa ndani ya wiki moja kinaweza kuua sokwe kadhaa katika kundi. Ndiyo sababu hata mtu mzima huvaa barakoa na kukaa mbali nao kwa mita 10, na kule Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe ya mwambao huu, hupewa saa moja tu ya kuwa na kundi. Sheria hizo zisiguswe. Ila mfanyabiashara anapaswa kuzisoma kwa jicho la soko: bidhaa kuu ya mwambao huu, na karibu pekee inayotangazwa, haiwezi kuuzwa kwa nusu ya familia. Waliobaki chini ufukweni wanauziwa nini?

Kwa sasa wanauziwa kidogo mno, na kwa mkoa wenye ziwa kama Tanganyika hiyo ni hasara kubwa. Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha mita 1,470, na duniani linazidiwa kina na Baikal ya Urusi peke yake. Maji yake ni meupe kiasi cha mtu kuona mawe ya chini akiwa ndani ya boti. Fukwe za mchanga zimejificha kati ya miamba, kuanzia Katonga na ufukwe wa Jakobsen karibu na mji, hadi chini ya milima ya Mahale. Visiwa ni vichache upande huu, lakini hifadhi zenyewe zinaishi kama visiwa. Gombe inafikiwa kwa maji. Mahale inafikiwa kwa maji au kwa ndege ndogo, na ndani yake hakuna barabara ya kumtembeza mgeni kwa gari. Kwa hiyo yeyote anayetaka mchanga na wanyama kwa pamoja lazima apande boti, na hesabu yote ya biashara hii inaanzia hapo.

Biashara yenyewe ilijengwa kwa ajili ya mgeni mmoja: mtu mzima kutoka ng'ambo, mwenye dola, anayekuja kumwona mnyama mmoja. Kiingilio cha mgeni wa nje kimekuwa dola 100 kwa siku Gombe na dola 80 Mahale, kabla ya kodi, wakati raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, kiasi kidogo sana ukilinganisha. Wa Mahale mara nyingi hushuka na ndege ya kukodi, hulala kwenye kambi ya kifahari ufukweni, kisha huondoka kwa ndege hiyo hiyo bila kukanyaga soko la Kigoma. Hifadhi inapata chake, kambi inapata chake, na mama lishe wa Kibirizi, zinakoondokea boti za abiria, hamjui. Mwaka 2024 Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa 2,141,895, kutoka 1,808,205 mwaka uliotangulia. Ongezeko hilo lilisikika zaidi Arusha na Zanzibar kuliko huku mwisho wa reli, ambako hoteli nyingi za mjini bado zinategemea semina, warsha na wageni wa mashirika yanayohudumia wakimbizi.

Sifa ya mkoa nayo imechangia. Mei 1975 wapiganaji wa mwasi wa Kikongo Laurent Kabila walivuka ziwa usiku na kuwateka wanafunzi wanne wa utafiti pale Gombe. Tangu miaka ya 1990 jina la Kigoma limekuwa likitajwa kwenye habari za kimataifa pamoja na kambi za wakimbizi, Nyarugusu ikiwa ndiyo maarufu zaidi. Mkoa umewapokea majirani zake kwa miongo mingi kwa moyo ambao haujalipwa hata kwa sifa, na mtu wa Dar es Salaam au Mwanza anayepanga likizo bado anauliza kama kuna usalama. Swali hilo linapaswa kujibiwa na wauzaji wa safari, tena kwa sauti, kwa sababu familia haiendi mahali inapopatilia shaka.

Kuna jambo moja katika historia ya Gombe ambalo ningependa lisemwe zaidi. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall aliposhuka kwenye mchanga wa Gombe tarehe 14 Julai 1960, akiwa na umri wa miaka 26, hakuwa peke yake. Wakuu wa serikali ya kikoloni hawakukubali msichana akae porini bila mwenzake, basi akaja na mama yake mzazi, Vanne. Binti alipanda milimani kila alfajiri. Mama alibaki ufukweni na akawa anawagawia wavuvi dawa za maradhi madogo madogo, kazi iliyowajengea ujirani mwema na vijiji. Goodall alifariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, na utafiti alioanzisha unaendelea. Hifadhi ya Taifa ya Gombe ilitangazwa mwaka 1968, Mahale ikafuata mwaka 1985 baada ya kazi ndefu ya watafiti wa Japani wakiongozwa na Toshisada Nishida, aliyeanza huko mwaka 1965. Umaarufu wote huo ulianzia na watu wawili wa nyumba moja, mmoja mlimani na mmoja mchangani. Mpango wa safari ya familia unaweza kufuata mtindo huo huo: baba na kaka mkubwa wapande na mwongozaji, mama na wadogo wabaki na shughuli yao, halafu mchana baba na mama wabadilishane.

Tatizo ni boti. Anayekodi boti nzima hulipia safari, si viti. Mafuta ni yale yale, nahodha ni yule yule, wakiwa abiria wawili au kumi. Na petroli ya Kigoma, ukitazama bei kikomo za kila mwezi za EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, iko juu ya ile ya Dar es Salaam kwa sababu ya umbali wa kuisafirisha. Msafiri wa peke yake anaumia. Familia ya watu saba ingegawana gharama na kupumua. Kwa hesabu hiyo familia ndiyo mteja anayeendana zaidi na boti ya kukodi, kuliko yule mgeni wa mkoba mmoja mgongoni ambaye kila mtu anamkimbilia.

Njia ya bei nafuu ipo: boti za abiria zinazotoka Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini hadi Kagunga karibu na mpaka wa Burundi, ambazo humshusha Gombe anayetaka. Hizo ni uti wa mgongo wa vijiji hivyo. Zinabeba magunia, mawese, kuku, wanafunzi na wagonjwa, na ni haki yake mkazi kupata nafasi kwanza. Lakini mzazi mwenye mtoto wa miaka minne huangalia kama kuna kivuli, kama kuna jaketi la kuokolea linalomtosha mtoto, na kama boti imejaa kupita kiasi. Asiporidhika hapandi, na ana haki. Jaketi za saizi ya watoto ni kitu kidogo kununua, na mwenye boti angeweza kuzitangaza kama sehemu ya huduma. Ni ajabu kwamba ni wachache wanaozitaja.

Upepo nao lazima uingie kwenye ratiba. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu, na mawimbi ya mchana huweza kumtisha hata aliyezaliwa ziwani. Safari ya familia iondoke alfajiri. Muuzaji anayeahidi kuondoka saa nane mchana ili apate abiria wengi anaharibu jina la wote.

Miezi hiyo ya kiangazi, ambayo njia za mlimani ni kavu, inakutana na likizo ya shule ya katikati ya mwaka. Inakutana pia na jambo jipya. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano na nchi nyingine zinazolizunguka ziwa, yaani Burundi, Kongo na Zambia, ili dagaa na migebuka wapate kuzaana. Uamuzi ulikuwa mgumu kwa kaya zinazokula kutokana na ziwa. Boti zikavutwa nchi kavu, mabaharia wakakaa vijiweni, wachuuzi wa dagaa wakabaki na vichanja vitupu. Miezi mitatu mwambao ukawa na mabaharia wasio na kazi, wanaojua kila mwamba, wakati ule ule watoto wa nchi nzima wakiwa nyumbani wakitafuta pa kwenda.

Sisemi boti ya dagaa igeuzwe ya watalii kwa usiku mmoja. Chombo cha uvuvi hakina leseni ya abiria, na TASAC, msimamizi wa usalama wa vyombo vya majini, ana wajibu wa kukikagua kwanza. Lakini baharia si chombo. Anaweza kupewa mafunzo ya uokoaji na huduma ya kwanza mwezi Aprili, akaajiriwa Juni na Julai kwenye boti zilizokaguliwa, na kurudi kwenye nyavu Agosti. Kama uvuvi utafungwa mwaka baada ya mwaka, halmashauri na benki zinazotoa mikopo ya wavuvi zina sababu ya kulifikiria hili kwa makini kuliko kugawa pole.

Mfano wa nyumbani wa safari ya familia upo Mwanza. Saanane ni kisiwa kidogo kando ya jiji, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013 yenye kilomita za mraba 2.18 tu, maji yakiwemo. Haina sokwe wa kushangaza dunia. Ina safari fupi ya boti, wanyama wachache, mawe ya kukalia na mahali pa kulia chakula, na familia na shule zinakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Mkoa wa Kigoma ulihesabiwa kuwa na watu 2,470,967 kwenye sensa ya mwaka 2022. Hilo ni soko lililo jirani ambalo halihitaji ndege, na bado mtoto aliyekulia Kasulu anaweza kumaliza shule bila kuogelea kwenye ziwa la mkoa wake.

Akiogelea, atazame chini. Tanganyika lina aina zipatazo 250 za samaki wa jamii ya sikilidi, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Wafugaji wa samaki wa mapambo Ujerumani na Japani hununua sikilidi aina ya Tropheus wa mwambao huu na kuwatunza kwenye matangi ya kioo sebuleni. Miwani ya kuzamia na bomba la kupumulia vingemwonyesha mtoto wa Ujiji samaki hao hao bure, mita mbili chini ya maji, wenye rangi ya njano na buluu, wakizunguka mawe. Biashara ya kukodisha miwani haihitaji mtaji mkubwa. Inahitaji mtu anayejua maeneo salama: mbali na midomo ya mito ambako mamba huweza kuwapo, na mbali na maji yaliyotulia penye majani karibu na makazi, ambako konokono wa kichocho hukaa.

Ujiji yenyewe inauzwa chini ya thamani yake. Basi la watalii husimama kwenye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, hadithi ya kukutana kwao Novemba 1871 inasimuliwa, picha inapigwa chini ya miembe, safari imekwisha. Mji huu ulikuwa kituo kikuu cha misafara kabla ya Wazungu wale kukutana. Burton na Speke waliufikia mwaka 1858 kwa kufuata njia ambayo tayari ilikuwa na wenyewe. Njia ya kati ya watumwa na pembe, kutoka hapa hadi Bagamoyo, iko kwenye orodha ya awali ya UNESCO tangu mwaka 2006. Wapo wazee wa Kimanyema na Kiha ambao koo zao ziliishi historia hiyo kwa pande zote, uchungu na biashara. Saa mbili za matembezi yanayoongozwa na mwenyeji, kisha ugali wa muhogo na mgebuka wa kukaanga kwa mawese, ni mauzo ambayo fedha yake inabaki Ujiji.

Usafiri wa kufika mkoani unabadilika polepole. Treni ya umeme imefika Dodoma tangu 2024, na mkataba wa kipande cha Tabora–Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Hadi kikamilike, abiria wa reli atamalizia kwa treni ya zamani. Kwa upande wa ziwa, meli ya MV Liemba, iliyoingizwa majini hapa mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen, miaka ya karibuni imetumia muda mwingi kwenye matengenezo. Siku itakapokuwa na ratiba ya kuaminika, tiketi ya familia hadi Lagosa, jirani na Mahale, ingeshindana na ndege yoyote ya kukodi.

Wakati huo unasubiriwa, mafundi wa boti wapo ufukweni Ujiji, wakichonga mataruma na kupigilia mbao kwa ustadi wa kurithishana. Oda wanazopata ni za uvuvi na mizigo. Boti ya abiria 15 yenye paa, kingo za juu, viti vyenye migongo na sehemu ya jaketi za watoto wanaweza kuiunda, mkaguzi wa TASAC akishirikishwa tangu mchoro wa kwanza badala ya kuitwa chombo kikishapakwa rangi. Anayekosekana ni mnunuzi wa kuweka malipo ya awali, na likizo ya Juni iko karibu kuliko reli mpya.