Rotorua: Mji unaouza mvuke na mila, na hesabu za wenye mali

MGENI anayeingia Rotorua, katika Kisiwa cha Kaskazini cha New Zealand, huupokea mji kwa pua kabla ya macho. Harufu ya mayai viza imetanda kila mahali. Inatoka ardhini pamoja na mvuke unaofuka kwenye bustani, kando ya barabara na hata nyuma ya nyumba za watu. Ni gesi ya salfa, na ndiyo dalili ya mtaji ambao mji huu umeufanyia biashara kwa zaidi ya miaka 140.

Rotorua iko kiasi cha kilometa 230 kusini-mashariki ya Auckland, mwendo wa saa tatu hivi kwa gari. Karibu watu wanne kati ya kumi katika wilaya yake ni Wamaori, wengi wao wa kabila la Te Arawa. Bidhaa zinazouzwa ni mbili na haziachani: maji na matope yanayochemka, na mila za watu walioishi juu yake kwa karne nyingi. Kwa mfanyabiashara na mwekezaji mdogo, habari ya mji huu ni somo juu ya nani mwenye mali, nani mwenye faida, na jinsi mtaji wa wote unavyoweza kuliwa na wachache.

KINACHOUZWA

Duka kubwa la mji ni bonde la Whakarewarewa. Humo kuna chemchemi iitwayo Pohutu, inayorusha maji ya moto hadi mita 30 hivi, mara nyingi kwa siku. Upande mmoja wa bonde upo mradi wa Te Puia, wenye chuo cha uchongaji na ufumaji, ukumbi wa ngoma na njia za kutembelea chemchemi. Upande wa pili kipo kijiji cha Whakarewarewa, ambako familia za ukoo wa Tuhourangi Ngati Wahiao bado zinaishi. Wanapika kwa mvuke na kuchemsha mahindi katika dimbwi. Mgeni hulipa kiingilio, akaongozwa na mwenyeji, akala chakula kilichopikwa na ardhi yenyewe. Watoto wa kijiji wana biashara yao ya zamani: hupiga mbizi mtoni kutoka chini ya daraja kuokota sarafu zinazotupwa na wageni.

Kilometa 27 hivi kusini ya mji kuna Wai-O-Tapu, yenye dimbwi kubwa la rangi ya machungwa na kijani. Hapo chemchemi ya Lady Knox huruka kila siku saa nne na robo asubuhi. Haina saa tumboni. Mhudumu huitia dawa ya povu mfano wa sabuni, nayo hulipuka mbele ya wageni waliokwisha kukaa kwenye viti. Husimuliwa kwamba siri hiyo iligunduliwa mwanzoni mwa karne ya 20 na wafungwa waliokuwa wakifua nguo. Mtu wa biashara ataona mara moja thamani yake: bidhaa inayotokea kwa saa maalumu huuzika vizuri kuliko ile inayotokea ikipenda, kwa sababu wenye mabasi wanaweza kuipanga.

Asiye na fedha naye hakosi. Bustani ya Kuirau, katikati ya mji, haina kiingilio, na ina mabwawa ya kutumbukiza miguu. Msitu ulio jirani na bonde la Whakarewarewa una miti mirefu ya asili ya California iliyopandwa mwaka 1901, na siku hizi huvuta waendesha baiskeli kutoka nchi nyingi.

BIASHARA YA KWANZA

Watalii walianza kufika kabla mji haujapimwa. Walifuata matuta mawili ya mawe, moja jeupe na jingine la waridi, yaliyojengwa na maji yenye madini kando ya ziwa Rotomahana. Safari ilikuwa ndefu: meli, gari la farasi, mashua kuvuka ziwa Tarawera, kisha miguu na mtumbwi. Watu wa Tuhourangi ndio waliomiliki njia na ndio waliotoza. Palikuwa na ada ya mashua, ada ya kiongozi, hata ada ya kupiga picha au kuchora. Katika kijiji chao cha Te Wairoa walijenga nyumba ya nakshi, Hinemihi, na husimuliwa kwamba macho ya sanamu zake yaliwekwa sarafu za dhahabu badala ya maganda ya kombe kama ilivyo desturi. Wageni wengine walinung'unika kwamba bei ni kali, lakini walilipa.

Alfajiri ya tarehe 10 Juni, 1886, mlima Tarawera ulilipuka. Watu wapatao 120 walikufa, vijiji vilifukiwa, na matuta yale yakatoweka machoni pa watu. Kwa usiku mmoja ukoo ulipoteza ndugu, ardhi na chanzo chote cha mapato. Kiongozi maarufu wa watalii, mama Sophia Hinerangi, aliokoa makumi ya watu waliokimbilia nyumbani kwake.

Walionusurika walipokewa na jamaa zao, wengine huko Whakarewarewa, nao wakaanza upya. Hawakuwa tena na matuta ya kuonyesha, lakini walikuwa na ujuzi wa kupokea mgeni, kumweleza na kumtoza. Sophia aliendelea kuongoza watu hapo hadi alipofariki mwaka 1911. Baada yake lilivuma jina la Maggie Papakura, aliyemwongoza mtoto wa mfalme wa Uingereza mwaka 1901, na baadaye akasoma Oxford. Mtaji wa ujuzi ndio uliobaki baada ya mtaji wa ardhi kufukiwa.

MKATABA NA KODI YA PANGO

Mji wenyewe ulizaliwa kwa mkataba. Mwaka 1880 ukoo wa Ngati Whakaue ulikubaliana na Jaji Francis Fenton, aliyeiwakilisha serikali. Ardhi ingebaki ya wenyeji, viwanja vingekodishwa kwa miaka 99, na serikali ingesimamia kwa niaba yao. Sehemu nyingine ukoo uliitoa bure kwa manufaa ya wote. Mwaka uliofuata ilitungwa sheria ya maeneo ya chemchemi za moto, na mwaka 1882 viwanja vikapigwa mnada.

Katika karatasi ulikuwa mpango mzuri. Katika daftari haukwenda hivyo. Hali ya uchumi ilikuwa mbaya, wapangaji wengi hawakulipa, na baada ya mlipuko wa 1886 hata wageni walipungua. Wenye ardhi walibaki na hati mkononi bila kodi mfukoni, na kufikia mwaka 1890 serikali ilikuwa imenunua ardhi ya mji. Mali bila daftari hupotea bila habari, wanasema wahenga. Hapa daftari lilikuwapo, ila lilishikwa na mtu mwingine.

Serikali iliona faida. Mwaka 1901 iliunda idara ya utalii na vituo vya afya, moja ya idara za kwanza za aina hiyo duniani, na mwaka 1908 ikafungua jumba kubwa la kuogea kwa ajili ya wagonjwa na matajiri kutoka ng'ambo.

VISIMA VILIVYOKARIBIA KUUA DUKA

Tatizo kubwa la kiuchumi lilikuja baadaye, na lilitoka ndani. Joto lilikuwa la bure kwa aliyeweza kuchimba. Wenye nyumba, hoteli na ofisi walichimba visima wakavuta maji ya moto ya kuogea na kupashia nyumba joto wakati wa baridi. Kila mmoja kwa peke yake alikuwa na hesabu sahihi: kisima kilimpunguzia gharama za umeme. Kwa pamoja walikuwa wakipunguza nguvu ya maji chini ya ardhi. Mwaka 1979 chemchemi ya Papakura, iliyojulikana kwa kuruka karibu bila kupumzika, ilinyamaza. Nyingine zilianza kulegea. Pohutu yenyewe, bidhaa kuu ya mji, ilitiliwa shaka.

Mfano wa kutisha ulikuwa karibu. Huko Wairakei, mwendo wa saa moja kusini, kituo cha umeme wa jotoardhi kilianza kazi mwaka 1958. Umeme ulipatikana, lakini bonde la chemchemi zilizokuwa zikivuta watalii lilikauka. Mvuke mmoja haukuweza kuuzwa mara mbili.

Mwaka 1986 serikali iliamuru visima vyote vilivyo ndani ya kilometa 1.5 kutoka Pohutu vifungwe. Zaidi ya 100 vilifungwa. Nje ya duara hilo wenye visima walianza kutozwa mrabaha, na wengi waliamua kufunga wenyewe. Makelele yalikuwa mengi. Watu walioingiza fedha zao katika visima waliona wameonewa, na baadhi waligoma kutii. Lakini kiwango cha maji kilianza kupanda, na chemchemi zikapata nguvu tena. Papakura ilichukua muda mrefu kuliko zote. Iliruka tena mwaka 2015, baada ya miaka 36 ya ukimya.

Mwekezaji achukue kalamu hapa. Hasara ilionekana katika miaka michache, lakini marekebisho yake yalidai miongo mitatu. Na bei ya kufunga visima ililipwa na watu waliokuwa na kisima, wakati faida ilikwenda kwa mji wote. Ndiyo maana uamuzi wa namna hiyo hauwezi kuachiwa hiari ya mtu mmoja mmoja.

NANI MWENYE MALI LEO

Ukurasa wa umiliki nao umegeuka. Mwaka 2006 sheria ilirudisha kwa Te Arawa sakafu ya maziwa 13. Mwaka 2009 sheria nyingine ilirudisha ardhi ya bonde la Whakarewarewa kwa koo zenye haki nayo. Chuo cha sanaa za Kimaori, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1963 na kuendeshwa na serikali pamoja na biashara ya Te Puia, kilikabidhiwa kwa wenyeji kwa sheria ya mwaka 2020.

Mpangilio wa Te Puia unafaa kuangaliwa. Kiingilio cha mgeni ndicho kinachosaidia kulipia mafunzo ya wachongaji na wafumaji, na mgeni naye huja kuwatazama wakifanya kazi. Biashara inalisha ufundi, na ufundi unaleta biashara.

Katika umeme pia wenyeji wameingia. Huko Mokai, amana ya Tuaropaki, ambayo ni ya wenye ardhi wa Kimaori, ina hisa nyingi katika kituo cha jotoardhi, na joto jingine hutumika kuotesha mboga ndani ya vibanda vya kioo. Wanaomiliki ardhi wamekuwa wanahisa, wakaacha kuwa watazamaji wa mabomba yanayopita mbele ya milango yao.

HATARI ZA SOKO

Isidhaniwe kwamba mapato haya ni ya uhakika. Ardhi ina tabia yake: Januari 2001 bustani ya Kuirau ililipuka ghafla na kurusha matope na mawe. Jumba la kuogea la 1908, lililogeuzwa makumbusho, lilifungwa mwaka 2016 kwa kutokuwa imara dhidi ya tetemeko. Pigo zito zaidi lilitoka ng'ambo. Machi 2020 New Zealand ilifunga mipaka kwa ajili ya korona, na haikuifungua kabisa hadi mwisho wa Julai 2022. Mji uliozoea mabasi ya wageni ulibaki na vyumba vitupu. Baadhi ya moteli za mtaa wa Fenton, uliopewa jina la jaji yule yule, zilichukua fedha za serikali kuwahifadhi watu wasio na makazi. Mapato yalipatikana, lakini mabishano juu ya sura ya mji yaliendelea kwa miaka.

Mambo hayo hayako mbali na Afrika Mashariki. Kituo cha Olkaria nchini Kenya, kilichoanza kutoa umeme mwaka 1981, kiko bega kwa bega na hifadhi ya Hell's Gate, na wataalamu wengi wa Kenya wamesomea jotoardhi Auckland. Wamasai waliohamishwa Olkaria mwaka 2014 walipeleka malalamiko yao kwa Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na usuluhishi ukafanyika. Ziwani Bogoria, penye chemchemi zinazochemka, jamii ya Endorois iliondolewa miaka ya 1970 kupisha hifadhi ya wanyama. Mwaka 2010 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ulitangazwa: warudishiwe ardhi, walipwe fidia na mrabaha. Swali ni lile lile la Whakarewarewa: mgeni akilipa kuona mvuke, fedha zinaishia kwa nani?

KWA ANAYETAKA KWENDA

Wenye pasipoti za Kenya na Tanzania huhitaji viza. Mgeni hulipa pia tozo ya utalii, iliyoanza mwaka 2019 kwa dola 35 za New Zealand na kupandishwa hadi dola 100 Oktoba 2024. Bei za madukani huwa zimejumuisha kodi ya mauzo ya asilimia 15, na bakshishi si desturi. Majira ya joto ni Desemba hadi Februari, na ndipo vyumba huwa ghali. Vito vya fedha viachwe nyumbani, maana gesi ya salfa huvifanya vyeusi, na dirisha la chumba lisizibwe, kwa sababu gesi hiyo ikikusanyika ni sumu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone: methali hiyo Rotorua imetafsiriwa kwa viingilio, hisa na sheria za Bunge. Imewachukua wenyeji zaidi ya karne moja kuhakikisha kwamba anayepona ni mwenyeji mwenyewe.