Idd Hungoja Mwezi, Kazi ya Chuo Haingoji

Katika kalenda za nchini mwetu, sikukuu ya Idd huandikwa pamoja na maneno machache: itategemea mwandamo wa mwezi. Mhadhiri anapobandika tarehe ya kukusanya kazi, maneno hayo hayapo. Hapo ndipo penye mtihani kwa vijana wetu wanaosoma Chuo cha Uhasibu kule Njiro, Chuo cha Ufundi hapa Arusha mjini, au taasisi za Tengeru chini ya Mlima Meru.

Ndugu wazazi, jambo hili si dogo. Katika vyuo vingi nchini, kazi na majaribio ya muhula hubeba alama 40 kati ya 100. Kazi moja iliyochelewa kwa sababu ya safari humfuata kijana hadi siku ya matokeo.

Aidha, Idd haina msimu. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa miladia kwa siku 11 hivi. Ndiyo maana mwaka 2000 Idd el Fitri iliangukia mara mbili, Januari na Desemba. Mwaka mmoja huwakuta wanachuo likizoni, mwingine katikati ya majaribio. Anayengoja tangazo la mwezi ndipo afungue daftari amekwisha kuchelewa, kwani tangazo hutoka usiku na mapumziko ya serikali ni siku mbili tu. Mwenye kwao Tanga humaliza sehemu kubwa ya siku barabarani, kupitia Moshi na Korogwe, kabla hajawapa wazee mkono wa Idd.

Rai yetu ni kwamba mwanachuo aihesabu tarehe 20 Ramadhani kuwa ndiyo mwisho wa kazi zake, hata kama mhadhiri ametoa muda zaidi. Baada ya hapo usiku ni wa ibada na mchana mwili umechoka. Ikiwa tarehe imegongana na sikukuu yenyewe, amwendee mhadhiri wiki mbili kabla, kwa adabu. Ombi la baada ya Idd husikika kama udhuru. Ama kubeba kompyuta hadi kijijini kwa nia ya kuandika baada ya pilau, sote twajua hurudi kama ilivyokwenda.

Nyumbani nako kuna wajibu. Binti akirudi hukabidhiwa jiko, nazi na wadogo zake tangu alfajiri, ilhali kaka yake, mwanachuo kama yeye, huachwa asome. Huo si uadilifu. Mama na amuulize mapema, "Mwanangu, kazi yako waipeleka lini?" Kisha amwachie muda wa saa mbili baada ya sala ya Alfajiri, kabla wageni hawajaanza kupiga hodi.