Kihamba na Watoto wa Kati: Kuhama na Kurudi kwa Wachagga

Katika miteremko ya kusini na mashariki ya Mlima Kilimanjaro, kati ya mita 900 na 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, familia ya Kichagga hutambulika kwa kihamba chake, yaani shamba la nyumbani lenye migomba, kahawa, miti ya kivuli, zizi la ng'ombe na makaburi ya waliotangulia, ambalo aliye nalo alilipokea kwa baba yake na ambalo, kwa mujibu wa mila, hawezi kuliuza kwa mtu wa nje bila ukoo kushauriwa. Mara nyingi kipande hicho hakifiki hata hekta moja. Hata hivyo kimepandwa kwa ngazi: juu kabisa hukaa miti mirefu kama mfuruanje na mringaringa, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi na mboga, huku samadi ya ng'ombe wanaofungiwa bandani ikirudishwa shambani mwaka hadi mwaka. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua mfumo huu, kwa mfano wa kijiji cha Shimbwe Juu katika eneo la Uru, kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia.

Kuenea kwa Wachagga katika miji ya Tanzania huelezwa kwa kawaida kuwa ni matokeo ya kupenda biashara. Maelezo hayo ni mepesi mno, kwa kuwa yanaichukua tabia iliyozaliwa na uhamaji na kuifanya chanzo chake. Sababu ya msingi imo katika kanuni ya urithi, ambayo ilihifadhi kihamba kisikatwe vipande visivyo na faida, na kwa kufanya hivyo ikawaacha baadhi ya wana bila ardhi. Kwa kanuni hiyo mtoto wa kiume wa kwanza alitafutiwa na baba yake kihamba alipofikia kuoa, na kitinda mimba alibaki na wazazi, akawatunza uzeeni na kurithi nyumba pamoja na kihamba chao. Wana wa kati hawakuwa na haki iliyo wazi. Walisaidiwa ikiwa baba ana uwezo, na la sivyo walitarajiwa kujitafutia wenyewe.

Ardhi ilipokuwa bado ipo, kujitafutia kulikuwa na maana ya kufyeka pori lililo jirani au kuomba eneo kwa mangi, yaani mtawala wa sehemu kama Machame, Kibosho, Marangu au Rombo. Kahawa, iliyoletwa na wamisionari Wakatoliki mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea chini ya utawala wa Waingereza, ndiyo iliyofunga mlango huo. Mkahawa huzaa kwa miongo kadhaa, kwa hiyo ardhi iliyopandwa kahawa haikurudi tena mikononi mwa mangi ili igawiwe upya. Wakulima walianzisha umoja wao mwaka 1925, na kutokana na umoja huo kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Fedha ya kahawa ilijenga nyumba za bati na kulipa karo katika shule za misheni za Kilutheri na Kikatoliki, na hapo ndipo mtoto wa kati alipopata urithi wa namna nyingine: aliyekosa migomba alipewa elimu, au mtaji mdogo wa duka, na kwa urithi huo akashuka mlimani.

Bei ya kahawa iliporomoka baada ya makubaliano ya kimataifa ya zao hilo kuvunjika mwaka 1989, na tangu hapo hata waliorithi waliona haja ya kuondoka. Mkoa wa Kilimanjaro, ambao ni makao ya Wapare pia, ulikuwa na watu 1,640,087 katika sensa ya mwaka 2012 na 1,861,934 katika sensa ya mwaka 2022, ongezeko la asilimia 13 na nusu hivi, ilhali watu wa nchi nzima waliongezeka kwa zaidi ya asilimia 37 katika muda huohuo. Wanawake wa mkoa huo hawazai sana kama wenzao wa mikoa mingi, lakini pengo la ukubwa huo halielezeki bila kuhesabu walioondoka.

Mhamiaji afikaye Arusha, Mwanza au Dar es Salaam hutanguliwa na ndugu. Hupokewa na kaka au mjomba, hulala sebuleni, husaidia dukani, kisha hupanga chumba chake, na baada ya miaka hununua kiwanja pembezoni mwa mji, ambako jambo la kwanza kuota nyuma ya nyumba huwa mgomba. Mtori, supu nzito ya ndizi na nyama ambayo mlimani hupewa mzazi ili apate nguvu, hupikwa mjini kwa sababu hiyohiyo. Watu waliotoka kata moja huunda chama cha kufa na kuzikana, ambacho kina katiba, mweka hazina na michango ya kila mwezi. Wanachama wake huambiana kwa Kiswahili yale ambayo wazazi wao wangeyasema kwa Kimachame, Kivunjo au Kirombo, kwa kuwa lugha hizo zinatofautiana kiasi cha watu wa pande mbili za mlima kutoelewana vizuri.

Kisha huja Desemba. Watani husema kwamba Wachagga wanakwenda kuhesabiwa, na kama ilivyo kwa utani mwingi, ndani yake mna ukweli zaidi ya alioukusudia msemaji. Mabasi ya Moshi hujaa, na treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi iliporejeshwa baada ya zaidi ya miaka 20, mwezi uliochaguliwa mwaka 2019 ulikuwa Desemba. Safari hiyo ni ya sikukuu, ya ibada na ya mapumziko, lakini ni kikao cha mwaka cha ukoo pia, kwa kuwa haki katika kihamba haikuwekwa kwenye daftari la serikali bali katika kumbukumbu za watu wanaoshuhudia nani amekuja, nani ameleta mke, na mtoto yupi amepewa jina la babu yake.

Mambo hayo huonekana vizuri wakati wa kuchinja. Mnyama huchunwa juu ya majani ya migomba chini ya uangalizi wa mzee anayejua mgao, kwani kila sehemu ina mwenyewe kulingana na nafasi yake katika ukoo, na kijana aliyekulia mjini hujifunza undugu wake kwa kutumwa apeleke paja huku na mbavu kule. Mbege, pombe ya ndizi mbivu na ulezi, huzungushwa kwa kata kwa kufuata umri. Mwenye ugomvi na nduguye humletea jani la sale, mmea uleule unaopandwa kuonyesha mipaka ya vihamba, na anayeletewa jani hilo akakataa kusamehe huonekana amekosea kuliko aliyemkosea.

Mazishi yana uzito zaidi. Familia nyingi bado husafirisha mwili kutoka mjini, mwendo wa zaidi ya kilomita 500 kwa walio Dar es Salaam, na gharama yake hubebwa na michango ambayo hakuna kaya moja ingeimudu peke yake. Kaburi lililo ndani ya kihamba ni ushahidi wa umiliki ambao jirani hawezi kuubishia, na ndiyo maana hata mtu asiye na nyumba kijijini huzikwa huko. Ni kweli kwamba idadi ya wanaozikwa mijini inaongezeka, hasa miongoni mwa waliooa au kuolewa nje ya Uchagga.

Hali ya mabinti ni ngumu zaidi. Mila haikuwapa kihamba, kwa hoja kwamba wataolewa, ingawa aliyeachika aliweza kupewa sehemu ya kulima maisha yake yote. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi, lakini sheria hufika mahali ambapo mtu ameipeleka, na mabinti wengi husita kuwashtaki kaka zao. Wakati huohuo, katika vijiji vingi, bati jipya la nyumba ya wazazi limenunuliwa na binti aliye mjini.

Siku hizi kitinda mimba naye ameondoka. Mifongo, yaani mifereji iliyochimbwa na koo kuleta maji kutoka mtoni, hukosa watu wa kuizibua, kahawa huzeeka, na nyumba nzuri hukaa na mtunzaji wa kuajiriwa miezi kumi na moja. Kanuni ya urithi haikuandaliwa kwa kihamba kisicho na mwana wa kubaki, hivyo vikao vya Desemba hutumia muda mwingi juu ya jambo hilo: baadhi ya koo humkodisha jirani akate majani na kutunza migomba, nyingine huandika muhtasari na kutafuta hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina la familia nzima, na nyingine, baada ya mabishano marefu, humkabidhi binti aliyekubali kurudi.