Methodi nyingi za kufunga logi, na umeme wa Juba

Kadiri methodi za kufunga zinavyozidi, ndivyo logi zinavyokuwa salama. UONGO.

Umeme wa Juba haupigi hodi unapoondoka. Mtambo wa megawati 33 ulizinduliwa mwaka 2019, lakini ofisi nyingi bado zinategemea jenereta. Seva ikizimika ghafla, hakuna methodi inayopata nafasi ya kuitwa, iwe ni close, stop au shutdown. Hata flush ina mpaka wake: huuachia mfumo endeshi mistari ya logi, na mfumo huo unaweza kuwa bado haujaiandika kwenye diski. Anayeogopa giza anunue UPS na aangalie jinsi diski inavyoandikwa. Kurundika methodi hakumsaidii.

Kufunga mara mbili hakudhuru. INATEGEMEA.

Katika Java, Closeable imeahidi kwamba close ya pili haifanyi kitu. AutoCloseable haikutoa ahadi hiyo. Ndiyo maana naona afadhali sehemu moja tu ya programu ipewe kazi ya kufunga. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Huna haja ya kufunga mwenyewe. KWELI, lakini soma masharti.

Python huita logging.shutdown yenyewe programu inapomalizika kwa utaratibu. Log4j 2 nayo hujisajili kwa JVM kwa kazi hiyohiyo. Logback haifanyi hivyo mpaka uiagize, na ukitumia AsyncAppender, ambayo foleni yake kwa kawaida hubeba matukio 256, yaliyobaki ndani yanaweza kupotea programu ikifungwa bila kuisubiri. Hapo stop ina kazi kweli, usiiguse.

Methodi isiyoitwa na mtu ifutwe leo. UONGO.

Huu ndio uongo wenye gharama. Hujui nani ameandika appender yake kwa kufuata kiolesura cha maktaba yako. Ukiifuta methodi hiyo, msimbo wake wenye @Override hautakompailika. Log4j 2 ilipohitaji stop yenye muda wa kusubiri, ile ya zamani haikuguswa. Kikaongezwa kiolesura kipya, LifeCycle2. Jina baya, nakiri, ila halikumvunjia mtu kazi. Unayetaka kusafisha, tia kwanza alama ya @Deprecated, ielekeze methodi ya zamani kwenye ile inayobaki, kisha uifute katika toleo kubwa lijalo. Timu ya Juba inayopakua maktaba kwa bando la simu haitapenda kugundua mabadiliko hayo katika toleo dogo la marekebisho.