Unameza Warfarin? Usiongeze Natokinase Kabla ya Kuuliza

Vidonge vya natokinase huuzwa mtandaoni kama virutubisho vya ziada, na ahadi yake ni tamu: husafisha mishipa, huzuia kiharusi. Kwenye chupa vimeandikwa “Nattokinase”.

Natokinase ni kimeng'enya kinachotokana na natto, chakula cha Wajapani cha soya iliyochachushwa. Mwaka 1987 mtafiti Hiroyuki Sumi na wenzake walieleza kwamba huyeyusha nyuzi zinazoshikilia damu iliyoganda. Hata hivyo, utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2021 uliwafuatilia watu 265 kwa takriban miaka 3. Mishipa ya shingo ya waliopewa natokinase haikuwa na nafuu kuliko ya waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Wanaohitaji tahadhari zaidi ni wanaotumia warfarin, kwa mfano waliowekewa vali ya bandia ya moyo. Dozi yao hupangwa kwa kipimo cha damu, INR, na nafasi ya kukosea ni ndogo. Ukiongeza natokinase juu ya warfarin, unaweza kuvuja damu. Ukiacha warfarin ili umeze natokinase, ni hatari vilevile: madaktari wameripoti mgonjwa mwenye vali ya bandia aliyefanya hivyo, damu ikaganda kwenye vali, ikabidi abadilishiwe nyingine. Natto yenyewe, kile chakula, hufanya kinyume kabisa. Ina vitamini K nyingi inayopunguza nguvu ya warfarin. Kwa hiyo usidhani chakula na kidonge ni kitu kimoja.

Wanaotumia aspirini au clopidogrel nao waulize kwanza. Anayedhurika na soya asiviguse. Wajawazito wasivitumie bila ushauri wa daktari. Ukipangiwa upasuaji, hata kung'olewa jino, mwambie mhudumu mapema. Kwa kawaida hushauriwa kuacha vidonge hivi wiki 2 kabla.

Ukiona damu kwenye mkojo, choo cheusi kama lami, pua isiyoacha kutoka damu, au kichwa kikiuma ghafla kwa ukali, nenda hospitali mara moja. Usingoje siku ya kliniki.

Kama tayari unavitumia, usione haya. Beba chupa yenyewe uende nayo kliniki, kwa maana jina tu halitoshi: mhudumu anahitaji kusoma kipimo na viungo vingine vilivyochanganywa humo. Madhara yoyote yanaweza kuripotiwa kwa Bodi ya Dawa na Sumu kupitia kituo chako cha afya.