Misuli na Moyo wa Mama Mtu Mzima

Mama aliyevuka miaka 50 akipanda mizani na kukuta uzito wake haujaongezeka, jamaa zake hutulia. Lakini mizani haitofautishi nyama na mafuta, na katika umri huo mwili wa mwanamke huweza kubadilisha kimoja kwa kingine pasipo mtu kutambua. Ni jambo la kuangaliwa sana, maana duniani kote maradhi ya moyo na mishipa huua wanawake wengi kuliko maradhi mengine yoyote.

Huko Marekani, tangu miaka ya 1990, uchunguzi uitwao SWAN umewafuata wanawake wapatao 3,300: Wazungu, wenye asili ya Kiafrika, Wachina, Wajapani na wenye asili ya Marekani ya Kilatini. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2019 yalionyesha ya kuwa hedhi ikaribiapo kukoma, kasi ya kuongezeka mafuta huwa maradufu, na nyama huanza kupungua, hata ipite miaka miwili baada ya hedhi ya mwisho. Kwa Wazungu na wenye asili ya Kiafrika mwendo huo ulikaribiana. Kwa Wachina na Wajapani ulikuwa mwingine.

Moyo wahusikaje? Baada ya chakula, misuli ndiyo ipokeayo sehemu kubwa ya sukari ya damuni. Ikipungua, ghala hilo limepungua; na mafuta yakijaa tumboni, insulini hudhoofika kazini, na mishipa ya moyo huelekea kuziba. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2019, wa wanawake waliokwisha koma hedhi, wote wenye uzito wa kawaida, uliona ya kuwa waliokuwa na mafuta mengi kiwiliwilini na machache miguuni walipatwa na maradhi ya moyo na kiharusi zaidi ya mara tatu kuliko wale waliokuwa kinyume chao.

Asili nayo ina neno lake. Watu wa Bara Hindi hupatwa na maradhi haya wakiwa na uzito mdogo kuliko Wazungu. Wanawake wa asili ya Kiafrika, kwa kawaida, wana misuli zaidi na mafuta machache ndani ya tumbo. Hata hivyo, huko Marekani hufa kwa maradhi ya moyo kuliko wanawake wa Kizungu, kwani shinikizo la damu limewaenea mno. Basi misuli si hirizi. Nyumba zetu za pwani, ambamo bibi mmoja ni wa asili ya Kihindi na mwingine Mwafrika, zisiwapime wote kwa kipimo kimoja.

Misuli iliyopungua huweza kurudi. Mwaka 1990 mjini Boston, wazee dhaifu wa miaka 86 hadi 96 walifundishwa kuinua uzito kwa miguu muda wa wiki 8, na nguvu zao zikazidi maradufu. Sisi kwetu mabinti humpokonya mama ndoo na ufagio kwa heshima, naye akabaki kitini mchana kutwa. Heshima hiyo, kwa maoni yetu, ina kasoro.

Mama alazimikaye kushika ukuta ili ainuke kutoka sijida amekwisha pata habari za mapaja yake kabla ya daktari. Mwenye shinikizo la damu au maumivu ya kifua aulize tabibu kwanza. Kisha aketi kitini na kusimama bila ya kushika kitu, mara chache asubuhi na jioni, akizidisha kidogo kidogo, na sahani yake isikose samaki, maharage au yai.